Ulinzi wa Mtoto Mtaani: Mwongozo Kamili wa Kuunda Kamati Inayofanya Kazi, Kuanzia kwa Balozi hadi Mahakamani

Karibu kila mtaa una tukio ambalo watu wazima wanalijua na hawalisemi. Mjomba aliyehamia mkoa mwingine ghafla. Binti wa darasa la sita aliyeachishwa shule "akamsaidie bibi". Mwenye duka aliyelipa laki tatu na mbuzi, yakaisha, na hadi leo anawauzia watoto pipi. Mwongozo huu unawahusu watu wanaotaka tukio la namna hiyo lisiishie barazani: mjumbe wa shina (yule tunayemwita balozi), mwalimu, mama wa kikoba, imamu, mchungaji, dereva wa bodaboda, au mzazi tu aliyechoka kusikia minong'ono. Nimeuandika kwa kufuata mfumo wa Tanzania Bara. Wa Zanzibar na nchi jirani watakuta maelezo yao mwishoni.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatolewa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Karibu robo tatu walikuwa wamepigwa kwa ngumi, mateke au mijeledi. Idadi kubwa hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana ndio walionyamaza zaidi. Soma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kwa sababu kamati nyingi hukaa zikiwafikiria watoto wa kike peke yao.

Hatua ya 1: Uliza kama kamati ipo, kisha uliza ilikaa lini

Usianze kwa kuunda kitu kipya. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule unaojulikana kama MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, uliagiza kuwepo kwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa, mkoa, halmashauri na kata hadi kijiji au mtaa. Kwa hiyo nenda ofisi ya mtendaji, salimia, omba kuonyeshwa orodha ya wajumbe na muhtasari wa kikao cha mwisho. Mara nyingi utakuta orodha ipo, imeandikwa vizuri na kugongwa muhuri. Wajumbe wawili wamehama, mmoja amefariki, na aliyebaki hajui kuwa yeye ni mjumbe.

Hapo ombi lako kwa mtendaji ni dogo: ihuishwe. Ukija na hoja ya kuanzisha umoja wako mwenyewe utaulizwa usajili, na mtu mmoja atakuona unatafuta udiwani. Ukija kuhuisha kamati ya serikali, mtendaji anakuwa mwenyeji wako, na barua zako zinatoka na muhuri wake. Faida hiyo utaiona siku utakapofika kituo cha polisi.

Kwenye kamati wamo kwa nafasi zao mtendaji, mwalimu, viongozi wa dini, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na afisa ustawi wa jamii au wa maendeleo ya jamii wa kata. Shirikisha pia polisi kata. Mimi ningeongeza watu ambao hawamo kwenye miongozo lakini ndio wanaouona mtaa: mama lishe mmoja wa karibu na shule, mwakilishi wa kijiwe cha bodaboda, mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu, na mwenyekiti wa kikoba. Baraza la Watoto likiwepo, litoe wajumbe wawili, wa kike na wa kiume. Watu kumi na wawili au kumi na watano wanatosha. Wakizidi hapo siri haikai.

Chunguza kila jina kabla halijapita. Muulize balozi wake, waulize wanawake wa mtaa wake, tena mmoja mmoja, sio kwenye kikao. Mtu anayewatafuta watoto hupenda kukaa pale watoto walipo, na kamati ya ulinzi ni mlango mzuri sana kwake. Jina likiwa na doa, hata la uvumi tu, liache. Hakuna aliyezaliwa na haki ya kuwa mjumbe.

Hatua ya 2: Wekeni kanuni chache na mzisaini

Kanuni zisizidi ukurasa mmoja. Hizi ndizo nisizoweza kukubali zikosekane:

- Mjumbe hakai peke yake na mtoto mahali pa faragha. Mnakuwa wawili, na mmoja awe mwanamke. Mtoto akisema anamtaka mtu fulani, mumsikilize.
- Jina la mtoto halitajwi kwenye kikao cha wote, wala kwenye kundi la WhatsApp, wala kwenye mahubiri. Picha yake haipigwi.
- Mjumbe ambaye ndugu yake, mwajiri wake au mpangaji wake ametuhumiwa anatoka kwenye shauri hilo siku hiyohiyo.
- Kamati haipokei fedha kutoka kwa mtuhumiwa wala familia yake, hata ikiitwa nauli.
- Kamati haisuluhishi, haihukumu na haipigi mtu. Kazi yake ni kumlinda mtoto na kupeleka taarifa.

Hiyo ya mwisho itavunjwa kwanza. Vijana wakisikia habari ya mtoto kuharibiwa, wanaita "mwizi" na kutafuta matairi. Mtuhumiwa akiuawa hakuna kesi, mtoto anabaki akiamini kwamba mdomo wake umeua mtu, na watoto wengine wanajifunza kunyamaza.

Nunueni kaunta buku moja. Kila taarifa inapewa namba, kwa mfano 04/2025, na kwenye kurasa za kila siku mnaandika namba tu: tarehe, aliyeleta taarifa, kilichofanyika, nani amekabidhiwa, tarehe ya kufuatilia. Majina halisi yanakaa kwenye daftari la pili, linalofungiwa kabatini kwa mtendaji, na ufunguo unashikwa na watu wawili. Safu ya kufuatilia ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kamati isiyoandika tarehe ya kufuatilia itakumbuka shauri siku mtuhumiwa akirudi mtaani.

Hatua ya 3: Chora ramani na watoto wenyewe

Wakusanye watoto wa darasa la nne hadi la saba, wasichana kundi lao na wavulana lao, kila kundi na karatasi ya manila na kalamu za rangi. Usiwaulize juu ya ukatili. Waambie wachore mtaa: nyumbani, shule, njia, mahali wanapocheza. Kisha waweke rangi ya kijani wanapopapenda na nyekundu wanapopaogopa. Nyamaza, usiwasahihishe.

Utashangaa wanachojua. Watachora pagale la nyuma ya msikiti, lile ambalo wewe huliona kama nyumba isiyoisha tu. Watachora kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, na kiti cha nyuma anachokaa mtu fulani. Watachora njia ya mkato ya kwenda kisimani, na mtoto mmoja ataweka nyekundu kwenye nyumba yake mwenyewe, kisha aifute haraka. Usimuulize palepale mbele ya wenzake. Andika kichwani, mpange mtu wa kumtembelea kwa sababu nyingine kabisa.

Ramani ikishapatikana, kazi nyingine ni rahisi na haina gharama kubwa. Mwenye pagale aitwe na mtendaji azibe milango kwa mbao. Mwenye kibanda umiza apewe masharti: watoto hawaingii saa za shule wala usiku. Bodaboda wanaobeba wanafunzi waandikwe majina na namba za pikipiki, mzazi ajue nani anambeba mwanawe. Watoto wa kisimani wapangiwe muda waende kwa kundi. Rudia ramani kila mwaka, maana pagale linaisha na jingine linaanza.

Hatua ya 4: Jueni cha kutazama

Hapa miongozo mingi hutoa orodha ndefu ya dalili, na msomaji akimaliza anamshuku kila mtoto anayekojoa kitandani. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Tazama badiliko: mtoto mchangamfu aliyenyamaza, aliyekuwa wa tano darasani akawa wa arobaini, aliyekuwa anatumwa kwa jirani bila shida na sasa analia akitajiwa nyumba hiyo. Tazama mtoto mdogo anayeigiza mambo ya kitandani asiyopaswa kuyajua, maumivu wakati wa kwenda haja, kutembea kwa shida, michubuko iliyojificha chini ya nguo. Tazama zawadi zisizo na maelezo: simu, chipsi za kila jioni, hela ya vocha.

Kundi linalosahaulika ni watoto wa kazi za ndani. Binti analetwa kutoka kijijini, mwenye nyumba anasema ana miaka 16, na ukimtazama unaona hata meno ya utu uzima hayajakamilika. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, na hata hapo ni kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, hairuhusiwi. Balozi anapoandikisha wageni wa shina lake, amuandike na binti wa kazi: jina, umri, kwao wapi, simu ya mzazi. Uandikishaji huo unampa mwajiri ujumbe kwamba kuna anayejua kuwa mtoto huyu yupo.

Watoto wenye ulemavu nao wafuatwe nyumbani. Asiyesikia au asiyeweza kusema hatakuja ofisini kulalamika, na anayemdhuru anajua hivyo.

Hatua ya 5: Mtoto akikuambia

Mara nyingi hatakuambia wewe uliyesoma mwongozo. Atamwambia mama lishe, au mwalimu wa madrasa, au rafiki yake wa darasa. Kwa hiyo hatua hii ifundishwe kwa watu wengi kuliko zote.

Anaweza kuanza kwa kuzunguka: "Mwalimu, mtu akikushika halafu akasema usiseme, ni dhambi kusema?" Acha ulichokuwa unafanya. Kaa chini, urefu wako ulingane na wake. Uso wako utulie, kwa sababu mtoto anausoma. Akiona umeshtuka au umekasirika, atadhani umemkasirikia yeye, na atasema "nilikuwa natania". Mwache aseme kwa maneno yake, hata kama anataja viungo kwa majina ya kitoto.

Maneno yanayofaa ni machache. "Nimekusikia." "Umefanya vizuri kuniambia." "Hili si kosa lako." Akikuomba usimwambie mtu, usimdanganye. Mwambie: "Sitawatangazia majirani. Lakini nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kukulinda, na utajua ni nani." Mtoto akigundua umevunja ahadi, hatasema tena, hata mahakamani.

Usimuulize "kwa nini ulienda?" wala "kwa nini hukupiga kelele?" Maswali hayo yanamhukumu. Usimwekee jina mdomoni kwa kuuliza "ni baba mdogo, eti?" Uliza wazi: "Ikawaje?" "Ni nani?" "Lini?" Ukishajua yupo hatarini na ni nani wa kumwepusha naye, inatosha. Mahojiano kamili ni kazi ya polisi na ustawi wa jamii. Nimeona mtoto akihojiwa na mama, shangazi, mwenyekiti, mwalimu mkuu na mchungaji, wote kabla ya polisi; alipofika dawati alikuwa amechoka, maelezo yameanza kupishana, na wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo.

Mara baada ya mazungumzo, andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na tarehe na saa. Usiyasafishe. Kama alisema "alinifanyia tabia mbaya", andika hivyo.

Hatua ya 6: Saa 72 za kwanza

Kwa ukatili wa kingono, saa zinahesabiwa. Mama, kwa uchungu wake, jambo la kwanza huwa ni kuchemsha maji amkande na kumwogesha mtoto. Mwahini, mumzuie kwa upole. Mtoto asiogeshwe, asibadilishwe nguo kama inawezekana. Akibadilishwa, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwenye karatasi. Mfuko wa plastiki unafuga unyevu na kuharibu ushahidi.

Kisha njia ni mbili na zote zinafika. Ya kawaida ni polisi kwanza, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, mnapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mnakwenda nayo hospitali. Kama mtoto anavuja damu, ana maumivu makali au amezimia, nendeni hospitali moja kwa moja, na mmoja wenu afuate fomu. Uhai hausubiri karatasi. Baadhi ya hospitali kubwa zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja na mtoto hasimulii mara tatu. Uliza mapema, kabla hamjapata shauri, cha karibu nanyi kiko wapi.

Hospitalini, usiondoke kabla hujauliza haya: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28 bila kuruka, kinga ya magonjwa ya zinaa, na kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, inayofanya kazi hadi saa 120 lakini mapema ndiyo bora. Mpangieni mtu wa kumkumbusha dozi hadi siku ya 28. Familia nyingi huacha siku ya tano dawa zinapoanza kumtapisha mtoto, na hakuna aliyewaambia kwamba kichefuchefu ni kawaida na warudi wapewe ushauri.

Saa 72 zikiwa zimepita, bado mpelekeni. Matibabu yapo, vipimo vipo, na kesi inaweza kusimama. Mahakama inaweza kumtia hatiani mtu kwa ushahidi wa mtoto mwenyewe ikiridhika kwamba anasema kweli, na mtoto mdogo anaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi tu kusema ukweli. Waambie hilo wazazi wanaosema "hakuna aliyeona".

Mtuhumiwa anaishi nyumba moja na mtoto? Anayetakiwa kuondoka ni yeye. Ikishindikana usiku huo, afisa ustawi wa jamii ndiye anayempangia mtoto pa kulala. Halmashauri kadhaa zina walezi wa kuaminika, familia zilizochunguzwa na kufundishwa kupokea mtoto kwa muda mfupi. Msimpeleke mtoto kwa mjumbe yeyote mwenye nafasi tu kwa sababu ana kitanda.

Hatua ya 7: Kataeni kumalizana

Mashauri mengi hayafi kwa kukosa ushahidi. Yanafia sebuleni. Siku ya pili au ya tatu wanakuja wazee wa upande wa pili, wamevaa vizuri, wamebeba soda. Wanaanza mbali: sisi ni watu wa damu moja, mtoto atachekwa, nani atamuoa, kijana alipitiwa na shetani. Kisha bahasha. Funika kombe mwanaharamu apite. Baba wa mtoto anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na bahasha ina kodi ya mwaka.

Wapeni wazazi maneno ya kujibu kabla wazee hawajafika. La kwanza ni la kisheria: kubaka na kulawiti ni jinai, mlalamikaji mahakamani ni Jamhuri, na familia haina mamlaka ya kufuta. Kumbaka msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa hata ikisemwa alikubali, na akiwa chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha. Kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30, tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa 2016. Anayepokea fedha ili kosa kubwa lifichwe anajitafutia kesi yake mwenyewe. La pili ni la kumtoa mzazi kwenye lawama: "Si mimi niliyelipeleka, ni kamati na mtendaji, nami sina uwezo wa kulirudisha." Uongo haupo hapo, na mama anapata pa kujificha. Kamati ibebe lawama hiyo. Ndiyo faida yake kubwa kuliko semina zote. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziwasilishe serikali ya mitaa, kwa hiyo mkiitwa wambea mna jibu.

Viongozi wa dini wafikiwe mapema, kabla ya tukio. Imamu na padri ndio wanaoitwa kusuluhisha, na wengi wanasuluhisha kwa nia njema. Wakishakubaliana hadharani kwamba shauri la mtoto kudhuriwa kingono halisuluhishwi msikitini wala parokiani, njia kubwa ya kumalizana inakuwa imefungwa.

Hatua ya 8: Ibebeni familia hadi hukumu

Mtuhumiwa akiwa ndiye anayeleta unga nyumbani, kumkamata kunaleta njaa wiki hiyohiyo. Mama atakwenda polisi kuomba mumewe atoke, na watu watamlaumu kuwa amemuuza mwanawe. Ana watoto wanne wa kulisha. Hapa ndipo mtaa unapopimwa, na ndipo kampeni nyingi za fulana na mabango ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, zinapokosa la kusema.

Anzisheni mfuko mdogo kupitia kikoba kilichopo. Kila mwanachama akitoa shilingi 500 kwa wiki, kikoba cha watu 30 kinapata shilingi 60,000 kwa wiki nne. Zitatosha nauli za mashahidi na kilo chache za unga, na hayo mawili ndiyo yanayoangusha kesi. Mwenye nyumba aombwe kuvumilia kodi. Mwalimu mkuu aombwe michango isimrudishe mtoto nyumbani. Mama apewe mtaji mdogo wa kuanza biashara ya vitumbua au mboga, tena mkopo wa masharti mepesi badala ya sadaka, ili asionekane analipwa kwa ajili ya kesi.

Upande wa kesi, chukueni namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, siku ya kwanza na muiandike kwenye daftari. Mjue jina la mpelelezi. Mjumbe mmoja, awe huyohuyo hadi mwisho, aende kituoni kila baada ya wiki mbili kuuliza shauri limefika wapi: uchunguzi, jalada kwa mwendesha mashtaka, mahakama. Tarehe ikitajwa, mashahidi wajulishwe siku tatu kabla na tena jioni ya kuamkia. Kesi ikiahirishwa mara tatu bila mashahidi, mshtakiwa yuko karibu kuachiwa.

Kabla ya siku ya ushahidi, mpelekeni mtoto aione mahakama ikiwa tupu, ajue hakimu anakaa wapi na yeye atakaa wapi. Ombeni kupitia mwendesha mashtaka ushahidi wake usikilizwe faragha. Msimfundishe la kusema. Atengewe mtu wa kumsindikiza, chakula, na sehemu ya kusubiria isiyokuwa benchi moja na ndugu wa mshtakiwa.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Mtoto anarudi darasani na wenzake wanajua. Mwalimu wa malezi azungumze na darasa juu ya kucheka wenzao bila kumtaja mtu, na akae karibu na huyu mtoto muhula mzima. Aliyepata mimba ana haki ya kurudi shule baada ya kujifungua. Serikali iliruhusu hilo Novemba 2021, na mwalimu mkuu anayesema hajapata waraka apelekewe nakala kutoka ofisi ya elimu ya kata. Muombeni afisa ustawi wa jamii ampangie ushauri nasaha, na msiridhike na kikao kimoja. Mjumbe aendelee kupita nyumbani kwake walau mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, kwa kisingizio chochote cha kawaida, maana vitisho huja baada ya hukumu, sio kabla tu.

Mzazi anayempiga mwanawe kupita kiasi au kumnyima chakula ni shauri la aina nyingine. Huko nako taarifa inafika ustawi wa jamii, lakini mara nyingi kinachosaidia ni kumtembelea, kujua kama ni pombe, ni deni, au ni mama wa kambo aliyeachiwa watoto watano bila matumizi. Kumtisha kwa jela siku ya kwanza humfanya afunge mlango.

Maeneo yenye ukeketaji yana kalenda yake. Mkoani Mara, likizo ya Desemba ndiyo ya hatari, na wasichana wanaoikimbia hupokelewa kwenye nyumba salama, zikiwemo za Mugumu na Butiama. Huko kamati ianze kazi Oktoba: orodha ya wasichana wa umri huo, wazazi waitwe mmoja mmoja, na kila msichana ajue nyumba mbili za kukimbilia usiku.

Ofisi zikikwama

Mtendaji akisema yaishe, nenda kata. Kituo kikikalia jalada, mwende kwa mkuu wa polisi wa wilaya mkiwa na namba ya RB na nakala ya ufuatiliaji wenu. Daftari lenye tarehe linasikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo juu ya yule wa kata. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hufanya kazi hii bila malipo. Na ukihofia kujulikana, piga 116, simu ya mtoto, bure, mchana na usiku; huhitaji kutaja jina lako, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ibandikeni namba hiyo kwenye milango ya vyoo vya shule, ambako mtoto anaisoma peke yake.

Zanzibar mlango wa kwanza ni sheha badala ya mtendaji, na sheria yao ni Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011. Kenya ni Sheria ya Watoto ya 2022, chifu na afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Namba 116 ni hiyohiyo Kenya na Uganda.